Hastings: Mji wa Wavuvi Usio na Bandari

Mashua ikirudi kutoka baharini mjini Hastings, nahodha hatafuti gati la kuifunga. Huielekeza omo kwenye ufukwe, hungoja wimbi linalofaa, kisha huongeza mwendo wa injini na kuipandisha juu ya kokoto. Hapo mtu aliyekuwa akingoja nchi kavu huja mbio na waya mnene wa winchi, akaufunga kwenye mashua, na chombo kizima, pamoja na samaki, nyavu na wavuvi wake, huburutwa juu ya mbao hadi mahali ambapo maji hayafiki. Safari ya kwenda hufanywa kinyume chake: tingatinga huisukuma mashua mpaka iguse maji na kuelea. Kazi hii hufanywa usiku na alfajiri, wakati wa baridi kali, na haina kosa dogo. Mashua ikikaa upande kwa dakika moja tu mbele ya mawimbi, inaweza kupinduka.

Mji huo uko pwani ya kusini-mashariki ya Uingereza, yapata kilomita 85 kutoka London, na una wakazi 90,000 hivi. Wageni wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya vita vya tarehe 14 Oktoba 1066, siku William wa Normandy alipomshinda Mfalme Harold na kutwaa kiti cha ufalme. Vita vyenyewe havikupiganwa mjini bali kilomita kama 10 kuelekea bara, mahali ambapo leo kuna mji mwingine mdogo unaoitwa Battle. William aliacha ngome mjini Hastings, juu ya jabali linaloitazama bahari, na magofu yake bado yapo. Lakini historia iliyoujenga mji huu na kuupa sura yake ilianza karne mbili baadaye, bandari yake ilipopotea.

Katika Zama za Kati Hastings ilikuwa miongoni mwa bandari tano za kusini-mashariki zilizokuwa na mkataba na mfalme. Bandari hizo, pamoja na miji midogo iliyokuwa chini yake, zilitakiwa kumpa meli 57 kwa siku 15 kila mwaka, kila meli ikiwa na wanaume 21 na mvulana mmoja. Kwa malipo ya huduma hiyo zilisamehewa kodi nyingi na kuruhusiwa kujiendeshea mahakama zao. Kisha mwaka 1287 dhoruba kubwa ziliipiga pwani hiyo. Sehemu ya jabali iliporomoka ikaenda na kipande cha ngome, na bandari ikajaa mchanga na mawe. Mwaka 1377 Wafaransa walivuka mlango bahari wakauchoma mji. Wakazi walijenga upya nyumba zao katika bonde jembamba kati ya vilima viwili, ambalo leo ni Mji Mkongwe, wakaendelea kuvua samaki bila bandari.

Majaribio ya kuirudisha hayakukosekana. Katika karne ya 16 walijenga ukuta wa mbao na mawe kuingia baharini, dhoruba zikauvunja. Mwaka 1896 mradi mkubwa wa bandari ya kisasa ulianza kwa shangwe, lakini fedha zikaisha kabla ya kazi kufika mbali. Kilichobaki ni mkono wa zege uliokatika, unaoonekana hadi leo upande wa mashariki wa ufukwe. Mkono huo ulishindwa kuwa bandari, ila umewafaa wavuvi kwa njia nyingine: mkondo wa bahari husukuma kokoto kutoka magharibi kwenda mashariki, zikifika hapo zinazuiwa na kurundikana, na ufukwe unazidi kuwa mpana. Bila kokoto hizo mashua zisingekuwa na pa kulala.

Hastings husemwa kuwa na kundi kubwa kuliko yote Ulaya la mashua za uvuvi zinazoondokea ufukweni. Ufukwe ndio umeamua umbo la vyombo vyenyewe. Mashua ni fupi, nyingi hazifiki mita 10, kwa kuwa ndefu zaidi ingekuwa nzito mno kuvutwa. Tumbo ni pana ili isiegemee sana inapokaa juu ya mawe. Tezi za mashua za mbao zilichongwa kwa mviringo ili wimbi linalokuja nyuma liinue chombo badala ya kukifunika. Mafundi walijifunza hayo yote kwa kuona mashua zikivunjika, kizazi baada ya kizazi. Na kila mashua ina mtu wake wa nchi kavu, wa kushika winchi, kupokea samaki na kutengeneza nyavu. Kwa desturi ya hapo huitwa mvulana, hata kama ana wajukuu. Mara nyingi ni mvuvi mzee ambaye mwili wake hauwezi tena bahari ila macho yake bado yanaisoma vizuri kuliko ya vijana.

Nyuma ya mashua ndipo yalipo majengo yanayopigwa picha kuliko kitu chochote mjini: maghala ya nyavu. Ni vibanda vya mbao vilivyopakwa lami nyeusi, kila kimoja kina upana wa futi 8 hivi kila upande, lakini vimepanda juu ghorofa tatu. Mgeni hudhani ni mapambo. Sababu yake ni ufinyu wa ardhi. Katika miaka ya 1830 ufukwe ulikuwa mwembamba na familia zilizohitaji nafasi zilikuwa nyingi, hivyo kila moja ilipewa kipande kidogo ikaambiwa ijenge kwenda juu. Nyavu za wakati ule zilisokotwa kwa pamba na katani. Zikihifadhiwa zikiwa mbichi zilioza, na kununua nyingine kungeweza kuifilisi familia. Zilianikwa kwanza, kisha zikatundikwa ndani ya ghala, kila aina katika ghorofa yake kwa kuwa kila msimu ulikuwa na samaki wake. Nyavu za nailoni zilipokuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, haja ya maghala hayo ikapungua, na mengi yangeweza kubomolewa. Ni jambo la kushukuru kwamba watu wa mji waliyatetea, na leo yanalindwa na sheria.

Hatua chache kutoka hapo kuna kanisa dogo la mawe lililojengwa mwaka 1854 kwa ajili ya wavuvi. Tangu mwaka 1956 limekuwa jumba lao la makumbusho, na ndani yake, karibu kulijaza lote, imewekwa mashua ya tanga iitwayo Enterprise, iliyoundwa mwaka 1912 pale pale ufukweni. Ilibidi ukuta ubomolewe ili iingizwe. Familia za wavuvi bado huwaleta watoto wao kubatizwa kando ya mashua hiyo.

Umaskini wa Mji Mkongwe ulizaa pia chama cha ajabu kidogo. Mwaka 1900 wavuvi walianzisha klabu ya konokono wa baharini, kwa lengo la kuwasaidia watoto wa familia zisizojiweza wakati wa Krismasi. Kila mwanachama anatakiwa kutembea na ganda la konokono mfukoni. Mwenzake akimtaka alionyeshe naye akawa hanalo, hulipa faini, na faini huingia katika mfuko wa hisani. Winston Churchill alikuwa mwanachama, naye akapewa konokono wa dhahabu.

Bahari isiyo na bandari huleta pia vitu visivyotarajiwa. Mwezi Januari 1749 meli mpya ya Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, Amsterdam, ikiwa katika safari yake ya kwanza kwenda Batavia, ilipoteza usukani katika dhoruba. Maradhi yalikuwa yamewaua wengi ndani yake. Nahodha aliikalisha ufukweni, magharibi mwa mji, ikiwa na mvinyo, nguo na masanduku ya fedha, na wanajeshi wakaitwa kuwazuia waporaji. Meli ikazama katika matope laini kwa haraka kiasi kwamba sehemu kubwa ya mwili wake bado imo humo. Maji ya bamvua yakipwa sana, mbavu zake za mbao huonekana juu ya mchanga, na watu wa mji huwapeleka watoto wao kuzitazama.

Kisa cha mwaka 1919 kina uchungu zaidi. Tarehe 15 Aprili nyambizi ya Kijerumani U-118, iliyosalimishwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na iliyokuwa ikivutwa kwenda Ufaransa, ilikata kamba katika dhoruba na kutupwa ufukweni, mbele ya hoteli kabisa. Maelfu ya watu walikuja kuiona na kulipa ili wapande juu yake. Walinzi wawili wa pwani walipewa kazi ya kuwatembeza wageni wa heshima ndani. Wote wawili waliugua, na baada ya miezi kadhaa wakafa. Ilidhaniwa kuwa walivuta gesi ya klorini iliyokuwa ikitoka kwenye betri. Nyambizi ilikatwakatwa ikauzwa kama chuma chakavu.

Wakati huo Hastings ilikuwa tayari imejifunza kuishi kwa wageni. Tangu mwisho wa karne ya 18 madaktari wa London walikuwa wakiwaagiza wagonjwa waende kuvuta hewa ya bahari. Mwaka 1828 mjenzi James Burton alianza kujenga mji mzima wa matajiri, St Leonards, upande wa magharibi. Reli ilifika mwaka 1851, na baadaye wakaja pia makarani na wafanyakazi wa viwanda, kwa siku moja moja. Gati la starehe lilifunguliwa tarehe 5 Agosti 1872. Katika miaka ya 1930 mhandisi wa mji, Sidney Little, aliupa ufukwe barabara mpya ya matembezi yenye ghorofa mbili. Ukuta wa ghorofa ya chini aliupamba kwa vipande vya chupa zilizovunjika.

Ila wageni hutazama mandhari, na wenyeji ndio huipaka rangi. Mtu aliyeliona hilo kwa makini kuliko wote alikuwa fundi rangi, Robert Noonan, aliyefika Hastings mwanzoni mwa karne ya 20 akitokea Afrika Kusini pamoja na binti yake. Alipaka nyumba na makanisa kwa ujira mdogo, akakosa kazi majira ya baridi kama wenzake, na usiku akaandika riwaya kuhusu mafundi wanaonyonywa na kuambiwa washukuru. Wachapishaji waliikataa. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1911, na mwaka 1914 kitabu kikatoka kwa jina lake la uandishi, Robert Tressell: The Ragged Trousered Philanthropists. Mji wa riwaya una jina la kubuni, lakini wenyeji wanajua ni upi. Kipande cha mapambo aliyoyachora katika kanisa moja, ambalo lilikuja kubomolewa, kimehifadhiwa katika makumbusho ya mji. Kwa thamani ya ushahidi, kipande hicho kinastahili kuwekwa sawa na magofu ya ngome.

Mwaka 1923 akaja mgonjwa mwingine wa kutafuta hewa, Mskoti John Logie Baird. Katika chumba cha kupanga alikusanya sanduku la chai, sindano za kushonea na lenzi za taa za baiskeli, akafanikiwa kurusha kivuli cha msalaba kutoka mashine moja hadi nyingine. Mwaka 1924 umeme ulimpiga na kumtupa chini, na mwenye nyumba akamtaka ahame. Januari 1926, mjini London, aliwaonyesha wanasayansi televisheni.

Gati la mwaka 1872 limekuwa na bahati ngumu. Jimi Hendrix alipiga gitaa humo mwaka 1967. Baadaye likachakaa, na Oktoba 2010 moto ukaliteketeza karibu lote. Watu kama 3,000 walinunua hisa ndogo ndogo kusaidia kulijenga upya, na mbao zilizonusurika motoni zikatumika kutengeneza viti na meza. Lilifunguliwa mwaka 2016, na mwaka 2017 likashinda Tuzo ya Stirling, tuzo kubwa ya usanifu majengo Uingereza. Mwaka huo huo kampuni iliyoliendesha ikafilisika, na mwaka 2018 likauzwa kwa mfanyabiashara binafsi. Waliotoa akiba zao walikuwa na haki ya kukasirika.

Sherehe za mji bado ni mali ya wenyeji. Kila mwanzo wa Mei, tangu desturi hiyo ilipofufuliwa mwaka 1983, mtu aliyefunikwa kwa majani kutoka kichwani hadi miguuni huzungushwa katika vichochoro vya Mji Mkongwe kwa ngoma, akisindikizwa na watu waliojipaka rangi ya kijani. Mwisho wake hupandishwa kilimani, huko "huuawa" ili majira ya joto yaanze, na watu hugombania majani yake. Krismasi ikipita huja wachezaji wa sataranji. Mashindano ya Hastings ya mwaka 1895, ambayo kijana Mmarekani Harry Pillsbury aliyashinda mbele ya bingwa wa dunia Emanuel Lasker, bado husimuliwa na wapenzi wa mchezo huo duniani kote.

Wavuvi nao wanaendelea kuuza vibua, heringi na samaki bapa katika vibanda vilivyo karibu na maghala meusi. Mwaka 2005 uvuvi wao wa heringi na vibua ulipewa cheti cha kimataifa cha uvuvi endelevu, kwa sababu mashua ndogo na nyavu za kutega hazikombi bahari. Hata hivyo idadi ya mashua imekuwa ikipungua. Mashua zisizozidi mita 10 ni zaidi ya robo tatu ya vyombo vyote vya uvuvi vya Uingereza, lakini sehemu kubwa ya mgawo wa samaki hupewa meli kubwa. Kwa miaka mingi wavuvi wa Hastings walilazimika kutupa baharini samaki aina ya chewa, tayari wamekufa, kwa kuwa mgawo wao ulikuwa umekwisha. Mgawo unahesabiwa kwa kuangalia nani alivua wingi gani zamani, na wakati kumbukumbu hizo zilipokuwa zikiandikwa, wenye mashua ndogo hawakutakiwa kutunza hesabu kamili. Serikali inayowasifu kwa kuilinda bahari ina uwezo wa kuirekebisha hesabu hiyo, na haina sababu nzuri ya kuchelewa.