Dawa za moyo na ugonjwa wa ateri za miguu

Ugonjwa wa ateri za miguu hutokea mafuta yanapojijenga katika kuta za mishipa inayopeleka damu miguuni, hadi njia ya damu ikawa nyembamba. Mgonjwa hutembea kidogo, shavu la mguu likambana, akasimama. Baada ya dakika chache maumivu huisha. Akiendelea na safari, yanarudi. Kwa kuwa mafuta hayo hayabagui mshipa, mtu huyo yumo pia katika hatari ya shambulio la moyo na kiharusi. Ndiyo maana dawa nyingi anazoandikiwa ni za moyo.

Lakini kundi moja la dawa hizo, beta-bloka, alinyimwa kwa miaka mingi. Propranololi, mojawapo ya beta-bloka, iliyobuniwa na James Black wa Uskoti miaka ya 1960, hupunguza kasi na nguvu ya mapigo ya moyo. Madaktari walihofia kwamba mguu wenye damu haba ungezidi kukosa damu, na kweli wapo watumiaji wanaolalamika vidole kuwa baridi. Mwaka 1991 Radack na Deck walijumlisha matokeo ya majaribio yaliyokuwepo: kwa wagonjwa ambao hali yao si mbaya sana, dawa hizo hazikufupisha umbali wa kutembea. Hofu ile iliwakosesha kinga watu waliokwisha kupata shambulio la moyo, na hilo ni kosa zito. Tahadhari inabaki kwa mwenye mguu ulioanza kuoza.

Kuhusu statini, dawa za kupunguza mafuta katika damu, hakuna ubishi mkubwa. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2002, wenye watu 20,536, ulionyesha kuwa simvastatini ya miligramu 40 kwa siku iliwapunguzia wagonjwa wa ateri za miguu mashambulio ya moyo na kiharusi, hata wale ambao moyo wao haukuwa umewahi kuugua.

Hatari ya kweli iko upande wa pili: dawa ya mguu kuudhuru moyo. Silostazoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1999, humwongezea mgonjwa hatua kabla ya maumivu, lakini ni ya jamii moja na milrinoni, iliyoongeza vifo vya wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu. Wagonjwa wa namna hiyo hawaruhusiwi kabisa kutumia silostazoli. Kwa hiyo, anayevimba miguu au kukosa pumzi akilala chali amweleze daktari kabla ya kupokea kidonge hicho, wala asiache dawa zake za moyo kwa kuwa tu mguu unauma.