Jimbo la Mashariki: Mwalimu, Kunambi na kura 2,600

Malolo iko pembeni kabisa mwa wilaya ya Kilosa, upande wa kusini, ambako Morogoro inapakana na Iringa. Watu wake wanalima vitunguu na mpunga kwa maji ya Mto Mwega, na msimu wa mavuno malori huteremka kutoka barabara kuu kufuata magunia. Uchaguzi ukifika wanapigia kura jimbo la Mikumi, pamoja na Kidodi, Ulaya, Vidunda na Uleling'ombe. Hilo kila mtu hapo analijua. Wanachojua wachache ni kwamba mkulima wa Malolo na mvuvi wa Rufiji waliwahi kuwa na mwakilishi mmoja, katika jimbo ambalo halikufikisha hata miaka miwili, na mwakilishi huyo alikuwa Julius Nyerere.

Jimbo lenyewe lilikuwa la Mashariki. Lilitandaa kutoka pwani ya Bagamoyo na Rufiji hadi milima ya Uluguru, Kilosa yote, na kusini mpaka Ulanga. Dar es Salaam peke yake ndiyo iliyokatwa ikawa na jimbo lake. Tanganyika nzima iligawanywa majimbo kumi, na kila jimbo likapewa viti vitatu katika Baraza la Kutunga Sheria: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, kimoja cha Mzungu. Gavana Edward Twining aliuita mpango huo ushirikiano wa mataifa mbalimbali. Kwa hesabu ya kawaida ulikuwa na maana moja tu: Waafrika zaidi ya milioni nane na nusu wawe na viti sawa na Wazungu wapatao elfu ishirini tu.

Kero haikuishia kwenye idadi ya viti. Mpigakura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Aliyemchagua Mwafrika tu na kuwaacha wengine, karatasi yake ilihesabika imeharibika. Ndiyo maana watu waliuita uchaguzi wa kura tatu, na ndani ya chama cha TANU wengi waliuona tusi. Mkutano mkuu wa chama uliofanyika Tabora Januari 1958 nusura ukipasue. Nyerere alisimama na hoja kwamba kususia ni kuwaachia UTP, chama kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za Gavana, viti vyote bila jasho. Hoja yake ilipita, na mpaka leo wazee wa chama wanauita uamuzi ule Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubaliana nao. Alitoka, akaunda African National Congress, akaenda kugombea Tanga, akapata kura 53.

Sasa tuje kwenye daftari la wapigakura, maana hapo ndipo Malolo inapopotea kabisa. Ili uandikishwe ulitakiwa uwe na umri wa miaka 21, na juu ya hapo uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kiwango kilichotajwa, au uwe umeshika cheo kinachotambuliwa na serikali. Pauni 150 zilikuwa shilingi 3,000, yaani shilingi 250 kwa mwezi. Chukua Kilosa ya wakati ule. Stesheni iko kwenye Reli ya Kati, mashamba ya mkonge yamezunguka Kimamba, na katikati ya mji pana boma, hospitali, shule na maduka ya Wahindi. Karani wa reli aliweza kuandikishwa. Mwalimu wa shule ya kati aliweza, na mganga msaidizi pia. Lakini yule aliyekuwa akikata mkonge, anayelipwa kwa kipande baada ya kumaliza kazi za siku 30, mshahara wake haukukaribia hata kidogo kiwango hicho. Na mkulima wa Malolo, ambaye mali yake ilikuwa ghala la mahindi na mbuzi wachache, nani angemwandikia hati ya kipato? Nchi nzima walioandikishwa hawakufika elfu sitini.

Wengi wa walioweza kuandikishwa walikuwa waajiriwa wa serikali, na hao hawakuruhusiwa kuwa wanachama wa TANU. Waraka Namba 5 wa 1953 uliwakataza watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Kwa hiyo daftari lilijaa watu wasio na kadi, na wenye kadi, akina mama waliouza kadi nyumba kwa nyumba na wakulima waliochangia senti zao, wakabaki nje ya kituo wakitazama. Nadhani serikali ilitegemea kwamba watu wa mishahara wangekuwa waoga. Ilichosahau ni kwamba kura ni ya siri, na karani aliyefungwa mdomo ofisini kwa miaka mitano alipewa dakika moja ya kusema bila kuonekana na bosi wake.

Uchaguzi ulifanywa kwa awamu mbili. Majimbo matano, Mashariki likiwamo, yalipiga kura Septemba 1958, na matano yaliyobaki yakasubiri hadi Februari 1959. Kwao Nyerere ni Musoma, Jimbo la Ziwa, ambako kura zilikuwa za awamu ya pili. Kiongozi wa chama kilichokuwa kikijaribu bahati yake kwa mara ya kwanza hangeweza kukaa pembeni miezi mitano akiangalia wenzake wakipigana. Akachukua fomu Mashariki.

Aliyesimama kushindana naye hakuwa kibaraka wa UTP. Alikuwa Patrick Kunambi, Mluguru, msomi, mtu wa utawala wa jadi anayejulikana kila tarafa ya milimani. Zaidi ya hayo, Kunambi alikuwa mmoja wa wale 17 walioketi Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954 na kuiunda TANU. Jina lake limo kwenye orodha ileile yenye Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz, John Rupia, Saadani Kandoro, Tewa Said Tewa na Nyerere mwenyewe. Miaka minne tu baadaye, waasisi wawili wa chama kimoja wakawa wanaomba kiti kimoja, Nyerere kwa tiketi ya TANU, Kunambi kama mgombea binafsi.

Historia tuliyofundishwa shuleni inapenda kuonyesha 1958 kama pambano la TANU na mkoloni. Kwa Jimbo la Mashariki, kiti cha Mwafrika hakikuwa hivyo. Lilikuwa swali ambalo bado tunaulizana kila baada ya miaka mitano kwenye kura za maoni: mtoto wa hapa anayetujua, au mtu wa chama aliyeletwa kutoka mbali? Kunambi alikuwa na faida ya nyumbani. Morogoro ya miaka hiyo ilikuwa bado inanuka moshi wa 1955, pale Waluguru walipokataa kulimishwa matuta kwa amri na ghasia zikazuka hadi mtu akauawa Matombo. Ardhi ilikuwa ndiyo siasa, na mgeni kutoka Musoma alipaswa kuthibitisha kwamba analielewa jambo hilo. Lakini Nyerere alikuwa na kitu ambacho ukoo hauwezi kukinunua: matawi ya chama yaliyokuwa yamesambaa kuanzia pwani mpaka bara. Jimbo kubwa kiasi kile lilimwadhibu mtu maarufu wa milima mmoja. Jina la Kunambi lilitosha Uluguru. Rufiji na Ulanga lilikuwa jina tu.

Katikati ya kampeni, Nyerere alikuwa mahakamani. Alishtakiwa kwa makala aliyoiandika katika gazeti la Sauti ya TANU akiwatuhumu wakuu wawili wa wilaya. Wakili D. N. Pritt alikuja kutoka Uingereza kumtetea. Agosti 1958 alipatikana na hatia, akapewa hiari ya faini au kifungo cha miezi sita. Faini ilikuwa shilingi 3,000, zilezile pauni 150 zilizowekwa kuwa kizingiti cha kupiga kura. Kiasi ambacho mtu alitakiwa akipate mwaka mzima ili ahesabiwe kuwa raia mwenye akili ya kuchagua, Nyerere aliambiwa akitoe mara moja au aende jela. Aliitoa. Angekwenda jela, pengine Mashariki lingekuwa na mwakilishi mwingine, na mimi nina hakika serikali ya Gavana mpya, Richard Turnbull, ilifarijika kuliko ilivyokubali kuonyesha, maana kumfunga kungewasha moto.

Kura zilipohesabiwa, Nyerere alikuwa na takriban 2,600, Kunambi 800 na ushei. Kwa jimbo lililokuwa na wilaya nyingi namna ile, ni kura chache za kustaajabisha. Leo diwani wa kata yenye watu wengi anaweza kuzipata bila kutoka nje ya kata yake. Hata hivyo zilikuwa zaidi ya mara tatu ya za mpinzani wake. Kwa viti vya Waasia na Wazungu, TANU ilikuwa imefanya ujanja wa kuwaunga mkono watu walioiamini, na kanuni ya kura tatu ikageuka mtego kwa walioitega: wapigakura Waafrika, kwa kuwa walikuwa wengi, ndio walioamua Mzungu yupi na Mwasia yupi aingie barazani. Nyanda za Juu Kusini aliingia Lady Marion Chesham, na Kaskazini Sophia Mustafa, wote kwa kura hizo. UTP haikuinuka tena.

Jimbo la Mashariki halikuishi muda mrefu baada ya hapo. Agosti 1960 nchi ilipiga kura upya, safari hii kwa viti 71, na majimbo makubwa ya kimkoa yakavunjwa. Masharti yalilegezwa, kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kukatosha, na daftari likavimba kutoka chini ya elfu sitini hadi zaidi ya laki nane. Ila wengi wa walioandikishwa hawakupata hata nafasi ya kupiga kura, kwa kuwa wagombea 58 wa TANU walipita bila kupingwa. TANU ilipoteza kiti kimoja tu, Mbulu, kwa Herman Sarwatt, mwanachama wake mwenyewe aliyeamua kusimama peke yake baada ya chama kumteua Chifu Amri Dodo. Kunambi alishindwa kwa njia hiyo, Sarwatt akashinda kwa njia hiyohiyo.

Kila mtu mzima, awe na shilingi au asiwe nayo, alipata kura mwaka 1962, nchi ilipomchagua rais wa kwanza wa Jamhuri. Mwaka 1965 ukaja uchaguzi wa chama kimoja, kwa alama za jembe na nyumba, wagombea wawili wa chama kilekile katika karibu kila jimbo. Watu walifurahia kuwaangusha wakubwa. Paul Bomani, waziri wa fedha, aliangushwa Mwanza. Lakini mlango aliopitia Sarwatt ulifungwa mwaka huo. Bila TANU, hakuna kugombea.

Vyama vingi vilirudishwa 1992, na wengi walidhani mlango ule ungefunguliwa pia. Kilosa ilikuwa imeshagawanyika majimbo madogo, Kilosa, Gairo na Mikumi, na CCM, iliyoirithi TANU, iliyashika kwa urahisi. Mikumi ndiyo iliyokuja kushtua nchi. Oktoba 2015 chama cha upinzani cha CHADEMA kilimsimamisha Joseph Haule, ambaye vijana wote wa Tanzania walimjua kama Professor Jay, mmoja wa walioufanya muziki wa kizazi kipya uheshimike. Kijana mmoja anashika karatasi tatu siku ile, ya rais, ya mbunge na ya diwani, kila moja inakwenda kwenye sanduku lake; safari hii hakuna anayemlazimisha achague rangi tatu. Haule alishinda na kuingia bungeni. Mwaka 2020 CCM ilikirudisha kiti kupitia Dennis Londo, katika uchaguzi ambao chama tawala kilizoa karibu bunge zima na wapinzani wakaukataa.

Katika ushindani wote huo, kuna sharti moja ambalo lingemshangaza mtu wa 1958. Haule, pamoja na umaarufu wake wote, asingeweza kuweka jina lake kwenye karatasi ya Mikumi bila chama cha kumdhamini. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hilo mahakamani zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu alimpa haki, serikali ikabadilisha Katiba ili sharti libaki. Mahakama Kuu ikampa haki tena 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo 2010 kwa kusema ni kazi ya Bunge. Mtikila akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, na Juni 2013 majaji waliamua kwamba Tanzania inavunja haki kwa kuwazuia wagombea binafsi.

Mtikila alikufa kwa ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015, Msolwa karibu na Chalinze, wiki tatu kabla ya Mikumi kumchagua Haule. Karatasi zilizopigwa mwezi ule zilikuwa na jina la chama kando ya kila mgombea, na za 2020 pia.