Jinsi Timu ya Mashambulizi Ilivyojengeka katika Mchezo wa Pokémon

Timu ya mashambulizi katika mchezo wa video wa Pokémon ni kikosi cha viumbe sita kinachopangwa ili kumlemea mpinzani kabla hajajipanga. Kila kiumbe hubeba mapigo manne. Katika kila zamu, mchezaji huamua ama kupiga, ama kumtoa kiumbe aliye uwanjani na kumwingiza mwingine. Kwa kawaida mwenye kasi hutangulia kupiga, na anayeangushwa kabla ya kupiga hupoteza zamu yake. Ndiyo maana nguvu peke yake haikuwahi kutosha: mshambuliaji huhitaji zamu salama ya kuingia, na kasi ya kumwahi adui. Tangu 1996, karibu kila toleo jipya limebadilisha njia ya kupata zamu hiyo, na wachezaji wamelazimika kupanga vikosi vyao upya.

Matoleo ya kwanza yaliuzwa Japani kuanzia tarehe 27 Februari 1996, kwa ajili ya mashine ndogo ya Game Boy. Yalibuniwa na Satoshi Tajiri na kampuni yake ya Game Freak, yakiwa na viumbe 151 wa aina 15. Wachezaji wawili walipambana kwa kuunganisha mashine zao kwa waya. Katika matoleo hayo kasi ililipa mara mbili: ilimpa kiumbe nafasi ya kutangulia, na pia ilimwongezea uwezekano wa kupiga pigo linaloumiza maradufu. Tauros, fahali mwenye mikia mitatu, alinufaika kuliko wengi. Pigo lake kubwa, Hyper Beam, kwa kawaida humlazimu mpigaji kupumzika zamu inayofuata, lakini wakati huo aliyemwangusha adui kwa pigo hilo hakupumzika. Tauros akawa mmaliziaji katika karibu kila kikosi cha mashindano.

Toleo la pili, la 1999, liliwapa nafuu walinzi. Kila kiumbe aliruhusiwa kushika kifaa kimoja, na kilichopendwa zaidi kilimrudishia moja ya kumi na sita ya uhai wake kila zamu. Snorlax, Skarmory na Blissey wakawa kuta zisizobomoka kirahisi, na mapambano yakawa marefu. Wapenda mashambulizi walijifunza jambo ambalo halijabadilika hadi leo: ukuta hudhoofishwa kwanza, kisha mmaliziaji huingia. Miiba iliyotegwa upande wa adui, inayomchoma kila anayeingia akikanyaga ardhi, ilianza kazi hiyo.

Mnamo 2002, toleo la tatu lilileta hesabu inayotumika hadi sasa. Kila kiumbe alipewa hadi pointi 510 za mazoezi za kugawanya katika sifa zake sita. Mshambuliaji wa kawaida huweka 252 kwenye nguvu ya kupiga, 252 kwenye kasi, na chache zinazobaki kwingineko. Tabia za kiumbe nazo zilianza kuongeza sifa moja kwa asilimia 10 na kupunguza nyingine kwa kiasi hicho hicho. Kikaja pia kifaa kinachozidisha nguvu mara moja na nusu, kwa sharti kwamba anayekishika arudie pigo lile lile hadi atolewe uwanjani.

Mapinduzi makubwa yalifika 2006 na matoleo ya Diamond na Pearl. Kabla ya hapo, aina ya pigo ndiyo iliyoamua iwapo litahesabiwa kuwa la mwili au la nguvu maalumu. Mapigo yote ya mizimu yalikuwa ya mwili, hivyo Gengar, mzimu mwenye nguvu maalumu nyingi na mwili dhaifu, hakufaidi mapigo ya aina yake mwenyewe. Gyarados, mwenye misuli, naye alikwamishwa na mapigo ya maji yaliyokuwa ya nguvu maalumu. Kuanzia 2006 kila pigo lilipewa hesabu yake, na viumbe wengi waliokuwa nusu silaha wakawa silaha kamili.

Mwaka huo huo uliingiza mawe makali yanayotegwa upande wa adui, yanayomuumiza kila anayeingia kulingana na udhaifu wake. Charizard hupoteza nusu ya uhai wake kwa kuingia uwanjani tu. Kukazuka mpangilio wa mashambulizi makali: kiumbe wa kwanza, kwa mfano Azelf, hutega mawe kisha hujilipua. Kufa kwake si hasara, kwa sababu anayemfuata huingia bila kupigwa, na zamu salama imepatikana. Baada yake washambuliaji hufuatana, kila mmoja akimchosha adui mpaka wa mwisho apate mwanya.

Mfano wa Garchomp unaonyesha jinsi tofauti ndogo ilivyoweza kuamua mengi. Kasi yake ya msingi ni 102, ilhali Salamence, Charizard, Jirachi na wengine wengi wana 100. Katika kiwango cha juu kabisa Garchomp hufikia 333, nao 328. Pointi hizo tano zilitosha kumfanya awatangulie wote, naye alikuwa na uhai mwingi wa kustahimili pigo moja. Jumuiya ya Smogon, inayotunga kanuni za mapambano ya mmoja kwa mmoja, ilimwondoa katika daraja la kawaida la toleo hilo.

Toleo la 2010 liliingiza mvua isiyokatika katika daraja la kawaida, na viumbe ambao kasi yao huongezeka maradufu mvuani wakatamba hadi Smogon ikapiga marufuku muungano huo. Wachezaji pia walianza kuona kikosi cha mpinzani kabla ya pambano, kwa hiyo mbinu ya kushtukiza ikapungua thamani. Mnamo 2013 mvua hiyo iliwekewa kikomo cha zamu tano, na aina mpya isiyodhurika kwa mapigo ya dragoni ikawapunguzia dragoni ubabe wao.

Katika mashindano rasmi ya dunia, yaliyoanza 2009, viumbe hupambana wawili kwa wawili, na kila mchezaji huchagua wanne kati ya sita wake. Hapo zamu salama hununuliwa na mwenzi: mmoja huvuta mapigo ya adui, mwingine hupiga. Mkorea Sejun Park alilithibitisha hilo jijini Washington mwaka 2014, alipotwaa ubingwa akiwa na Pachirisu, mnyama mdogo kama kindi aliyevuta mapigo ya adui ili wenzake washambulie. Kikosi cha washambuliaji watupu, kama timu ya kandanda isiyo na kiungo, hubaki kikingoja mpira usiofika.

Matoleo ya karibuni yamempa mshambuliaji silaha ya mara moja tu kwa pambano: pigo kuu la 2016, kukua kwa zamu tatu mwaka 2019, na kubadilisha aina tangu 2022. Ujenzi wa timu sasa huanza na swali la nani ataitumia silaha hiyo, na zamu gani.

Nchini Kenya, mashine za Nintendo hazikuenea kama PlayStation katika vibanda vya michezo. Pokémon Showdown, programu iliyoanzishwa na Guangcong Luo mwaka 2011, iliondoa kikwazo hicho. Ni ya bure, hufunguka kwenye kivinjari, na humpa mchezaji kila kiumbe akiwa tayari amefunzwa. Kijana wa mtaa wa Section 58 jijini Nakuru anaweza kupanga pointi zake 510 kwenye simu na kupambana na mtu wa Osaka usiku huo huo. Pokémon GO ya 2016 nayo huchezwa kwa simu, na Afrika imetengewa Tropius, mwenye matunda kama ndizi shingoni. Vikosi vya ligi ya mchezo huo ni vya viumbe watatu na ngao mbili, na mshambuliaji hodari hutumia pigo la bei nafuu kumfanya adui amalize ngao kabla ya pigo zito kuja. Mnamo Februari 2025 ulitangazwa mchezo wa Pokémon Champions, unaolenga mapambano pekee, kwa mashine ya Switch na kwa simu pia.