Bomu Chini ya Meza: Karne Moja ya Vita na Taharuki Sinemani

Mwezi Agosti 1916, mapigano ya Somme yakiwa bado yamepamba moto kule Ufaransa, Waingereza walikuwa wakipanga foleni nje ya majumba ya sinema ili wayatazame. The Battle of the Somme, filamu iliyopigwa na Geoffrey Malins na John McDowell, iliuza takribani tiketi milioni 20 katika wiki sita. Tukio lake mashuhuri, la askari kupanda kutoka handakini na baadhi yao kuporomoka, liliigizwa mbali na risasi. Siwalaumu. Ila watu wale walianguka bila sisi kuwajua, na asiyejulikana hatumhofii.

Lewis Milestone alilijua hilo. Katika All Quiet on the Western Front (1930) alimpa askari sura na jina: Paul, kijana wa Kijerumani, yaani adui wa jana wa watazamaji wake wa Marekani. Mjini Berlin, Wanazi wakiongozwa na Goebbels waliachia panya weupe na mabomu ya uvundo ukumbini, na siku chache baadaye serikali ikaipiga marufuku.

Wakati huo Alfred Hitchcock alikuwa London akijifunza jambo ambalo kila askari wa handakini alilijua: kungoja kunatesa kuliko mlipuko. Miaka mingi baadaye alimweleza François Truffaut kwamba bomu la ghafla humshtua mtazamaji kwa sekunde kadhaa tu, bali bomu aliloonyeshwa mapema chini ya meza humtesa robo saa nzima. Katika Sabotage (1936) alimkabidhi mtoto kifurushi chenye bomu, akampandisha basi, na bomu likalipuka. Baadaye alisema alikosea. Nadhani alijuta bure. Sisi tuliolelewa na vibanda vya video tunajua kwamba steringi hafi, na ndiyo maana jasho halitutoki. Hitchcock mwenyewe alilivunja agano hilo katika Psycho (1960), alipomuua steringi bafuni kabla filamu haijafika nusu.

Henri-Georges Clouzot naye, katika The Wages of Fear (1953), aliwapakia wanaume wanne kwenye malori mawili yenye nitrogliserini na kuwapitisha njia mbovu. Humo hamna vita, lakini kila shimo la barabara linatisha kama mzinga.

Mikondo yote miwili, wa vita na wa taharuki, ilikutana mwaka 1966, katika The Battle of Algiers ya Gillo Pontecorvo, ambayo kwangu haijapata mpinzani. Wanawake watatu wa Kialjeria wanavaa Kizungu na kuvuka vizuizi vya askari wa Kifaransa wakiwa na mabomu vikapuni. Ndani ya mkahawa kamera inapita usoni mwa watu mmoja mmoja, hadi kwa mtoto anayelamba aiskrimu. Ni lile bomu la chini ya meza, ila safari hii tumeshawaona polisi wakitega la kwao usiku, katika mitaa ya Kasbah, mji mkongwe wa Algiers, na tumeshaona maiti zikifukuliwa kwenye vifusi. Tumwombee nani? Yacef Saadi, aliyekuwa kamanda wa wapiganaji wa uhuru mjini humo, anaigiza nafasi inayofanana na yake mwenyewe. Mwaka 2003, baada ya Marekani kuivamia Iraq, Pentagon iliwaonyesha maofisa wake filamu hiyo. Huenda walitafuta mbinu za Kanali Mathieu, kamanda wa askari wa Kifaransa katika filamu hiyo. Mathieu huyo anashinda Algiers, na Ufaransa inaipoteza Algeria.

Saving Private Ryan (1998) ya Steven Spielberg ilirudisha mlipuko kwenye enzi. Zile dakika zaidi ya 20 za ufukwe wa Omaha zinaziba masikio, na hakuna aliyewahi kuzipita kwa ukatili. Kinachofuata ni sinema ya steringi, nzuri lakini ya kawaida.

Christopher Nolan aliitazama kabla ya kutengeneza Dunkirk (2017), akaamua kutoshindana nayo kwa damu. Mwaka huo huo, alipoombwa achague filamu za kuonyeshwa London kando ya yake, aliwachagua Milestone, Clouzot na Pontecorvo. Katika Dunkirk yenyewe Wajerumani ni vivuli visivyo na sura, na muziki umejengwa juu ya mlio wa saa.