Gari kuukuu la kilomita nyingi: ikague injini ingali baridi

Mwenye kuuza gari lililotembea sana, mara nyingi utamkuta ameshaliwasha kabla hujafika. Injini iliyopata moto huficha mengi: stata huitika upesi, moshi wa mwanzo umekwisha kutoka, na kelele za oili iliyochelewa kupanda hazisikiki tena. Ndiyo maana nikiombwa kwenda kumtazamia jamaa gari, twaenda asubuhi, na usiku wake nampigia mwenye gari simu asiliguse. Nikifika naweka kiganja juu ya boneti. Likiwa na vuguvugu, narudi kesho.

Wengi wetu hapa Pwani hatununui gari la starehe. Ni Probox ya kubebea samaki na mboga, au Corolla ya teksi, na pesa zake ni za chama au mkopo wa sako. Injini ikifa mwezi wa pili, deni halifi nayo.

Kilomita za kwenye dashibodi zisikutishe wala zisikutulize. Mita hurudishwa nyuma, hata hizi za kidijitali. Gari la miaka 15 likisoma 90,000 huku raba ya pedali ya breki imelika na usukani unang'aa kwa kushikwa, amini pedali. Na kilomita 250,000 si ugonjwa. Injini ya 1NZ ya Toyota, ile ya Probox na Corolla NZE, hufika huko na kupita ikibadilishwa oili kwa wakati. Ninayoiogopa mimi ni ile ya kilomita chache iliyowahi kuchemsha, maana hedi yake ni ya alumini na joto huipinda.

Na huku kwetu magari huchemshwa na maji yenyewe. Radieta nyingi hujazwa maji ya kisima, yenye chumvi, badala ya kulanti. Chumvi na chokaa huganda kwenye vile vijia vyembamba na kuila alumini. Gari likianza kuchemsha, makanika hung'oa themostati, akisema huku joto, haina kazi. Ina kazi. Bila hiyo injini haifikii joto lake kwenye barabara wazi, mafuta yanaliwa zaidi, na ugonjwa umefunikwa tu.

Kwa hivyo fungua mfuniko wa radieta, injini ikiwa baridi kabisa, maana ikiwa na moto itakuunguza. Maji ya rangi ya kutu ni dalili mbaya. Yenye utando wa mafuta juu ni mabaya zaidi. Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana: gasketi ya hedi imeungua au hedi ina ufa. Ukiona uji kidogo chini ya mfuniko wa oili peke yake, huenda ni mvuke wa gari la safari fupi, basi kijiti ndicho shahidi. Oili nyeusi si kosa. Inayonitia shaka ni oili mpya, nzito kama asali, kwenye injini iliyooshwa ikang'aa. Uzito ule hupunguza moshi na kelele kwa siku chache, na kuosha hufuta alama za kuvuja.

Sasa zungusha ufunguo bila kupiga stata. Taa ya oili na ile ya injini lazima ziwake. Isiyowaka imeng'olewa balbu au kukatwa waya, na aliyefanya hivyo alikuwa na sababu yake. Ukishapiga stata, ya oili izime ndani ya sekunde chache.

Mwenzio asimame nyuma penye eksosi. Moshi wa buluu unaotoka unapowasha tu kisha ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu. Wa buluu unaozidi kila ukikanyaga mafuta ni ringi za pistoni. Mweupe mzito usiokwisha, wenye harufu tamutamu kama kuna kulanti, ni maji yanayoungua ndani. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi, na huo huenda ukatibika kwa chujio la hewa, plagi au sensa. Kelele nayo: mlio mwembamba wa juu unaokwisha upesi unavumilika, lakini mgongo mzito wa chini unaofuata aksileta maana yake injini imenoki.

Ukiliendesha, usizunguke mtaani tu. Panda mlima wa Mazeras, kisha liache likiunguruma na AC kama uko kwenye foleni ya feri ya Likoni. Sindano ya joto isipande.

Ukishalipenda, mlipe makanika wako, si wa muuzaji, apime kompresheni. Injini nyingi za petroli zenye afya hutoa kama paundi 150 hadi 200, lakini muhimu zaidi ni silinda zisipishane sana. Zikizidi asilimia 15, kuna jambo. Silinda iliyo chini itiwe kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, ipimwe tena. Ikipanda, ringi zimelika. Isipopanda, tazama valvu. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi. Muuzaji akikataa kipimo hiki, mwage kwa wema.

Bei huja baada ya hapo. Sili za valvu, radieta, hata themostati iliyokosekana, hivyo nitavinunua, makanika akishanitajia gharama nami nikaipunguza kwenye bei. Iliyonoki, au yenye oili ya chai ya maziwa, naihesabu kama gari lisilo na injini, na bei ninayotaja ni ya bodi na logibuku.