Kipandikizi cha Jino: Chimbuko na Masharti Yake
Mwaka 1952, mtafiti wa Uswidi Per-Ingvar Brånemark, aliyekuwa akichunguza mwendo wa damu ndani ya mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani, yaani metali nyepesi isiyoshika kutu, alishindwa kukichomoa kwa kuwa mfupa ulikuwa umeshikamana nacho. Hapo ndipo kilipochimbuka kipandikizi cha jino, ambacho ni skrubu ya titani inayokazwa kwenye taya ili ibebe jino la bandia. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1965, ingawa wataalamu wengi waliendelea kuwa na shaka hadi mkutano wa wataalamu uliofanyika Toronto mwaka 1982 kujadili njia hiyo. Kwa kuwa mafanikio ya kipandikizi hutegemea uponaji wa mfupa, ambao sigara na kisukari huweza kuudhoofisha, mvutaji sigara au mwenye kisukari kisichodhibitiwa hana budi kuomba ushauri wa daktari kwanza.