Ufuo wa Kisumu: Kuusoma Uwanja Kabla ya Kujenga

Kabla ya mjenzi kuchora mstari wa kwanza wa jumba la jamii, uwanja wake umekwisha kuchorwa na wengi waliomtangulia. Maji yameuchora, upepo umeuchora, serikali zilizopita zimeuchora kwa mipaka na reli, na nyayo za wavuvi na wachuuzi zimeuchora kwa vijia visivyoonekana katika ramani. Ajengaye pasipo kuisoma michoro hiyo huandika juu ya maandishi ya wengine, na haipiti miaka mingi kabla maandishi ya chini hayajachomoza juu. Mji wa Kisumu, ulioketi penye kichwa cha Ghuba ya Winam katika Ziwa Viktoria, ni mahali pafaapo sana kujifunzia jambo hili, kwa maana historia yake fupi ya mji imesimama juu ya historia ndefu ya ufuo.

Jina lenyewe ni shahidi wa kwanza. Maelezo yasimuliwayo zaidi yalinasibisha jina la Kisumu na neno la Kijaluo lenye maana ya kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali. Wenye samaki walikutana na wenye nafaka, wenye vyungu wakakutana na wenye mifugo, kila mmoja akarudi kwao na kile alichokikosa. Basi mahali hapo palikuwa makutano kabla ya kuwa mji, na makutano hayo hayakuhitaji kuta. Na huko bomani, katika dala la Mjaluo, mazungumzo ya wazee yalikuwa na nyumba yake, yaani duol, kibanda cha mwenye mji kilichojengwa karibu na zizi, ambamo moto uliwashwa, vijana wakafundishwa na magomvi yakaamuliwa. Kwa hiyo asemaye kwamba jumba la jamii ni kitu kigeni kilicholetwa na halmashauri za miji hajauliza. Jamii ilikuwa na soko lake la wazi na baraza lake la ndani, na kila kimoja kilijua mahali pake.

Mchoro wa pili ulikuja kwa chuma. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ufuoni mwa ziwa mwezi wa Desemba 1901, baada ya mwendo upatao kilometa 930. Kituo hicho kikaitwa Port Florence, na wakati huo nchi hiyo ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Haikuhamishwa kuwa upande wa Afrika ya Mashariki, ambao baadaye uliitwa Kenya, ila mwaka 1902. Katika mwaka huo huo meli Winifred, iliyoundwa Scotland na kuletwa vipande vipande, iliunganishwa na kushushwa majini. Mabehewa yalihitaji ardhi ya tambarare, na meli zilihitaji gati. Vyote viwili vilipatikana pale pale ambapo zamani mtumbwi ulivutwa nchi kavu. Hivyo sehemu iliyo bora ya ufuo ilitwaliwa na reli, maghala na karakana. Kama ilivyokuwa desturi ya miji ya kikoloni, maofisa walikaa penye mwinuko na upepo, wafanya biashara wa Kiasia wakawa na mitaa yao ya maduka, na Mwafrika aliyeubeba mzigo wa mji huo akaambiwa makao yake yako nje yake.

Matokeo ya mpango huo hayakufa pamoja na serikali iliyoufanya. Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, Kisumu ilipoteza sehemu ya kazi yake ya kuwa mlango wa Uganda. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, biashara ya meli ilidhoofika tena, na kwa miaka mingi gati likawa na nyasi nyingi kuliko mizigo. Lakini ardhi iliyonyamaza si ardhi isiyo na mwenyewe. Mwaka 2021 bandari hiyo ilikuwa imekwisha kutengenezwa upya, na yale yaliyodhaniwa kuwa magofu yakawa mali yenye kudaiwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mchunguzi wa uwanja wa Kisumu si uzuri wa mandhari. Swali ni hili: njia ya mtu atokaye mitaani kwa miguu hadi majini ni ipi, na imekatwa na mali ya nani? Jumba la watu wote lisilofikika ila kwa gari limekwisha kuchagua watu wake.

Swali la pili ni la maji yenyewe. Mgeni akitazama ziwa siku moja huona mstari ambapo nchi kavu hukoma, akadhani mstari huo ni mpaka. Wenyeji wajua sivyo. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961 zilianza kulipandisha ziwa, na kufikia mwaka 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2, likameza mashamba, magati na makazi ya ufuo. Halafu likashuka polepole, na mwaka 2006 likawa chini sana hata magati yakasimama penye matope. Mwezi wa Mei 2020 likapanda tena na kufikia kimo cha mwaka 1964. Tofauti baina ya mwaka 2006 na mwaka 2020 ilikaribia mita 3. Sababu yafahamika: sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Viktoria hutoka moja kwa moja mawinguni, si mitoni, kwa hiyo mvua ikizidi miaka miwili au mitatu, ziwa hutii. Na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, Jinja, ambako tangu mwaka 1954 bwawa la Owen Falls limesimama.

Mita 3 zaonekana kuwa haba kwa mtu asimamaye mlimani. Lakini penye ufuo wa tambarare hesabu hubadilika. Ardhi ikiinuka mita 1 tu kwa kila mita 50 za kwenda mbele, basi kupanda kwa maji mita 3 ni kusogea kwa ufuo mita 150. Uwanja mzima wa jumba, pamoja na bustani yake na njia yake, waweza kuwa chini ya maji ingawa hakuna mawimbi wala tufani. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 imemkataza mtu kuweka jengo ziwani pasipo idhini, na yafaa itiiwe. Walakini sheria haiwezi kumwambia mjenzi yale ambayo mzee wa mtaa aweza kumwonyesha kwa kidole: maji yalifika kwenye mti ule. Kipimo cha chuma na kumbukumbu ya mwenyeji ni mashahidi wawili, na hukumu njema yawahitaji wote wawili. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Baada ya maji huja jua, upepo na mvua. Kisumu iko kusini ya ikweta kwa kilometa zisizozidi 15. Hapo jua la adhuhuri husimama utosini mwezi wa Machi na Septemba, huelemea kaskazini mwezi wa Juni, na kusini mwezi wa Desemba. Basi hakuna upande mmoja wa kivuli wa mwaka mzima. Upenu wahitajiwa kaskazini na kusini sawasawa, na kuta za mashariki na magharibi, zinazopigwa na jua la chini la asubuhi na jioni, yafaa ziwe fupi. Lakini upepo una shauri lake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, na alasiri upepo huvuma kutoka ziwani, upande wa magharibi na kusini-magharibi. Usiku hurudi kutoka milimani kwenda ziwani. Ukuta uliofungwa kwa kulikimbia jua la magharibi huufungia nje na upepo uletao nafuu. Hapa ndipo akili ya mjenzi hupimwa: kuweka miti, baraza pana na matundu mahali ambapo mwingine angeweka ukuta mtupu. Upepo huo huo wa ziwa, ukikutana na ule wa mashariki karibu na miinuko ya Nandi, hufanya mawingu ya radi, na mvua kubwa huanguka mara nyingi alasiri au jioni, yaani saa zile zile ambazo watu wametoka kazini na kukusanyika. Paa la jumba kama hilo yapasa liweze kunyeshewa bila ya msemaji aliye chini yake kunyamazishwa.

Chini ya miguu nako kuna habari. Sehemu za mji zimekaa juu ya mwamba, lakini kuelekea nyanda za Kano uko udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka. Msingi mwepesi juu ya udongo huo huvunjika mgongo katika misimu michache. Tena afya ina historia yake ufuoni. Katika miaka ya mwanzo wa karne ya 20 malale iliua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda, na fuo za Winam nazo hazikusalimika. Malale hiyo imepita, lakini mbu wa malaria na konokono wa kichocho wangalipo penye maji yaliyotuama na majani. Jumba liwaalikalo watoto kucheza ukingoni na lisiwape maji safi ya kunawa limewaalika mahali pabaya.

Yasalia maandishi yaliyo magumu kuliko yote kusomeka, nayo ni ya kazi za watu. Kiwanja ambacho ramani hukiita kitupu hakikosi wenyewe. Asubuhi mitumbwi hutua hapo. Mchana omena huanikwa juani. Jioni samaki hukaangwa na kuuzwa. Sangara, ambaye kwa Kijaluo huitwa mbuta, alipandikizwa ziwani katikati ya karne iliyopita, na biashara ya kumpeleka ng'ambo ilipokua, minofu yake ikaenda viwandani. Wanawake wa ufuoni wakabaki na omena na mifupa ya sangara, ile iitwayo mgongo wazi, wakaifanya kuwa riziki. Hukohuko kwenye matete na mafunjo ya Dunga wapo wanaokata na kusuka mikeka. Miaka ya 1990 gugu maji lilipofunika eneo kubwa la ghuba, hao ndio waliofungiwa njia kwanza, na hata leo upepo wa alasiri ukilisukuma gugu hilo penye kichwa cha ghuba, hao ndio hukosa pa kutia mtumbwi. Kanuni za mwaka 2007 zimevipa vyama vya fuo sauti katika usimamizi wa uvuvi. Mjenzi asiyevitembelea amempita mwenye nyumba mlangoni.

Hapa ndipo penye hatari iliyo kubwa. Jumba laweza kujengwa kwa nia njema, likaitwa la jamii, likafunguliwa kwa hotuba, na bado likawa limetwaa mwanika wa omena na njia ya mtumbwi kama vile reli ilivyotwaa ufuo mwaka 1901. Tofauti itakuwa jina tu. Wengine, kwa kuogopa dhuluma hiyo na mafuriko, hulipeleka jumba mbali kabisa na maji, na hivyo mji huzidi kulipa ziwa mgongo, na ufuo huachiwa wenye fedha za kununua mandhari.

Baina ya makosa hayo mawili historia ya Kisumu yaonyesha njia. Kilicho kizito, yaani ukumbi, maktaba, zahanati na jiko, kikae penye mwinuko, juu ya kimo cha maji ya mwaka 1964 na 2020, na nafasi ya ziada iachwe, kwa kuwa ziwa halikuahidi kukomea hapo. Kilicho chepesi, kama banda la kivuli, meza za samaki, chanja za kuanikia na ngazi za kushukia majini, kiwe chini, na kijengwe kwa namna ambayo maji yakija chaweza kuondolewa au kujengwa upya bila majonzi. Na baina ya juu na chini ipite njia ya wazi, isiyo na lango, pana kiasi cha watu wawili wenye beseni kichwani kupishana. Njia hiyo haitavutia macho katika picha ya jumba. Lakini ndiyo itakayoamua kama wachuuzi wa omena wataliita jumba hilo letu au lao.